Sizoni ya kaka yake inamnyima usingizi. Niifute?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza mitumba ya watoto kule Sido, Mwanjelwa. Mume wangu ni dereva wa semi, safari zake ni Dar na Zambia kupitia Tunduma, kwa hiyo kwa mwezi tukimwona siku tano tunashukuru. Mtoto wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Wa pili wa kike, ana miaka 8.

Shida yangu ni sizoni moja ya Kizungu inaitwa Stranger Things. Mwezi wa tatu tulikuwa Tukuyu kumzika baba yangu. Mkubwa nilikwenda naye, mdogo nilimwacha kwa jirani kwa sababu niliona bado mdogo kwa mambo ya makaburini. Huko mkubwa akakutana na binamu yake anayesoma Dar, akarudi na flashi mfukoni. Sikujali. Ila likizo hii ya mwezi wa sita, unajua baridi ya Uyole, watoto hawatoki nje. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja usiku, nawakuta wawili ndani ya blangeti moja mbele ya TV, sabufa inanguruma. Mdogo Kiingereza hajui, kaka yake ndiye anamtafsiria.

Sasa hii wiki ya tatu mdogo halali. Umeme ukicheza kidogo tu, na huku kwetu unacheza kila jioni, anapiga kelele na kunirukia. Kupita kwenye uzio wa kituo cha utafiti wa kilimo hataki, lazima tuzunguke, anasema mle ndani kuna maabara na watu wanaofungia watoto. Wiki iliyopita nimerudi nikakuta ametoa zile taa ndogo za Krismasi kwenye boksi, amezitundika sebuleni kwa misumari, na chini yake ameandika A mpaka Z kwa mkaa. Ukuta nimeupaka rangi Desemba! Nilimchapa. Hata kulia hakulia, aliniuliza tu kama naweza kumwachia zile taa. Halafu kuna redio ya marehemu baba niliyokuja nayo iwe kumbukumbu. Usiku anaichukua, anaizungusha mpaka pale penye mikwaruzo pasipo na stesheni, anaiweka sikioni. Betri za wiki nzima zimeisha kwa siku mbili.

Nilimweleza mama mchungaji, akasema hiyo ni muvi ya frimasoni, ina mapepo, flashi niichome na mtoto apelekwe akaombewe. Mume wangu kwenye simu alicheka, akasema yeye utotoni alitazama mazombi kwenye vibanda umiza vya Tunduma na hajageuka zombi. Mkubwa naye ananiambia, "Mama, si watoto kama sisi ndio masteringi? Hii ni sizoni ya watoto." Nimejaribu kuangalia kwenye intaneti sijaelewa, mmoja anasema 12, mwingine 14, mwingine 16. Mimi mwenyewe sijaitazama, nikikaa kwenye kochi nasinzia.

Nisaidie, Shangazi. Sizoni hii inafaa watoto au haifai? Niifute?

Mama wa Uyole

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa mzee. Naanza na pole kwa sababu wewe mwenyewe msiba huo umeupita mbio, kama kosta inayopita kituo kisicho na abiria. Nitaurudia.

Kwanza nikujibu ulichouliza. Kwa binti wa miaka 8 haifai, na flashi iingie kwenye pochi yako leo hii. Kwa kijana wa miaka 14 inategemea ni sizoni ya ngapi na anaitazama na nani. Kuifuta usiifute, kwa sababu kuna kipande kimoja nataka ukitazame wewe kwa macho yako, hata kama umechoka.

Hizo namba zilizokuchanganya zisikusumbue sana. Sizoni hii ilianza kuonyeshwa Netflix Julai 2016, watunzi wake ni ndugu mapacha, Matt na Ross Duffer. Marekani imepewa alama ya TV-14. Ni alama wanayoitumia huko tangu 1997, na maana yake ni kwamba mzazi awe mwangalifu sana na mtoto aliye chini ya miaka 14. Nchi nyingine zina vipimo vyao, ndiyo maana umekuta namba tatu tofauti. Anayeitazama Netflix kwenyewe anaona alama ya umri kwenye skrini kipindi kinapoanza. Kwenye flashi ya binamu haikufika. Ilifika picha tu na sabufa.

Mkubwa wako amekuletea hoja ambayo huwanasa hata wazazi waliosoma. Ni kweli masteringi ni watoto wa miaka 12 wenye baiskeli. Lakini kwenye pakiti ya sumu ya panya kuna picha ya panya, na panya hakuandikiwa ile iwe chakula. Hadithi imewekwa Novemba 1983, kwenye mji wa kubuni unaoitwa Hawkins, jimbo la Indiana, na nyingi ya raha zake ni za watu wazima wanaokumbuka utoto wao wa miaka ile: nyimbo, nywele, simu za kuzungusha. Ndani kuna matusi ya Kiingereza ambayo mwanao atakuwa ameshayakariri, sigara nyingi, vijana wanaokunywa bia na kuingia chumbani, na damu. Kuna zimwi lisilo na uso, kichwa chake hufunguka kama ua na ndani ni meno matupu.

Mimi nimeitazama sizoni ya kwanza yote, episodi 8, hapa Iringa, na mpwa wangu. Nilichojifunza ni kwamba zile namba za umri zinapimwa kwenye nyumba nyingine, isiyo yako. Chukua hilo la umeme. Kwenye hadithi, zimwi likisogea, taa zinacheza. Kwa mtoto wa Indiana hilo ni jambo la ajabu, na akizima TV taa za kwao zimetulia tuli, kwa hiyo anajua muvi imekwisha. Binti yako akizima TV, muvi inaendelea kwenye dari. Kila jioni. Sasa uzio. Kwenye hadithi kuna maabara ya serikali iliyozungushiwa uzio pembeni ya mji, humo alifungiwa msichana mdogo aliyekuwa akifanyiwa majaribio. Binti yako anasikia neno maabara, anatoka nje, na Uyole kweli kuna kituo cha utafiti chenye uzio! Kwamba wanachotafiti mle ni maharage na viazi, nani amemwambia? Ukipata nafasi simama naye pale getini mchana, mwombeni mlinzi awaelekeze kwa mtu anayeweza kumwonyesha mtoto miche. Hilo litamtoa woga kuliko kuzunguka.

Na sizoni yenyewe inaanzaje? Mtoto wa kiume anatoka kwa rafiki yake usiku na baiskeli, hafiki nyumbani. Huko ni hadithi. Huku kwetu, mwanzoni mwa 2019, Njombe watoto walipotea na kukutwa wameuawa, na mikoa hii yote tulikuwa tukiwafungia watoto ndani jua halijazama. Binti yako alikuwa mchanga wakati ule, ila mpaka leo mtu mzima akitaka mtoto asizurure anamtajia Njombe. Kwake, mtoto kupotea njiani ni kitu ambacho mama huwa anakisema.

Bibi yangu Kalenga alitusimulia mazimwi mabaya kuliko hili. Zimwi lake lilimeza kijiji kizima na mbuzi wao. Lakini bibi alikuwa anatuangalia. Mdogo wangu akianza kujikunyata, zimwi lilikuwa linapata ghafla kikohozi, au linakwenda kuchota maji na halirudi mpaka kesho. Mwaka alipofariki baba yangu mdogo, zimwi halikumeza mtu yeyote, lilikuwa linaiba ugali tu. Tulilalamika kuwa hadithi imepoa. Nimekuja kuelewa nikiwa na watoto wangu.

Sasa turudi Tukuyu.

Niruhusu nikusimulie kinachotokea kwenye sizoni hiyo, kwa sababu hukuitazama. Siku chache baada ya yule mtoto kupotea, mwili unaopolewa kwenye maji ya machimbo ya mawe. Mji mzima unajua amekufa. Wanamzika, jeneza linashushwa. Mama yake peke yake anakataa, anasema mwanangu yu hai, ananisemesha kupitia taa. Watu wanamwona amerukwa na akili. Hata kabla mwili haujaopolewa, yeye alitundika taa za Krismasi sebuleni, akachukua rangi nyeusi, akaandika A mpaka Z ukutani, taa moja juu ya kila herufi. Anauliza swali. Taa zinawaka moja moja, herufi kwa herufi, mtoto anajibu. Yupo hapo hapo ndani ya nyumba, upande mwingine usioonekana. Kabla ya mazishi, mkuu wa polisi anaingia kwa siri chumba cha maiti, anapasua ule mwili kwa kisu na kukuta umejazwa pamba. Ulikuwa wa bandia. Rafiki zake nao wanaisikia sauti yake kwenye redio ya mkononi, katikati ya mikwaruzo. Mwisho wa sizoni anarudishwa nyumbani, hai.

Soma tena barua yako, mwanangu. Taa za Krismasi. A mpaka Z. Redio ya babu yake, kwenye mikwaruzo.

Ndiyo maana ulipomchapa hakulia, akauliza kuhusu taa. Wewe uliona ukuta uliochafuliwa. Mwenzako alikuwa kazini. Babu aliondoka mwezi wa tatu, yeye akaachwa kwa jirani, hakuona jeneza, hakuona kaburi, mkarudi nyumbani na redio. Kisha kaka yake akamtafsiria hadithi inayosema kwamba waliozikwa wakati mwingine hawajafa, mwili ule ulikuwa pamba, na anayependa kweli ndiye asiyekata tamaa, anaandika herufi ukutani na kusubiri. Ungekuwa na miaka 8 ungefanya nini? Mimi ningemaliza betri za Mwanjelwa nzima.

Sikulaumu kwa kumwacha nyumbani. Wengi wetu tulifanyiwa hivyo na tunafanya hivyo. Lakini mtoto mwingine wa miaka 8 ambaye babu yake yupo anakunywa chai angeitazama sizoni hiyo hiyo, akaogopa siku nne, akasahau. Wa kwako ameingia nayo na mzigo ambao mtunzi hakujua kama yupo mtu ataubeba.

Mama mchungaji ni mtu wako, na maombi si kitu kibaya. Ila muulize kwa upole kama ameitazama. Lile zimwi watoto wa kwenye hadithi wanalipa jina la kinyago cha mchezo wao wa mezani, na linaingia duniani kwa majaribio ya wanasayansi, hakuna anayeliabudu. Kinachonitia hofu mimi ni kingine: mtoto aliyefiwa kuwekwa katikati ya watu wazima, ashikwe kichwa, aambiwe ana pepo, wakati alichonacho ni kumkumbuka babu yake. Akiombewa, aombewe kama mfiwa. Na hilo mwambie mama mchungaji kabla hamjafika kanisani, siyo mkiwa mbele.

Baba yao ana haki ya kucheka, lakini mazombi yake aliyatazama kwenye kibanda kilichojaa wenzake wanaopiga miluzi. Woga wa watu thelathini unagawanyika. Akirudi mpe kazi: yeye ndiye atakayekaa na mkubwa kutazama, kama wataendelea.

Maana mkubwa naye tusimsahau. Miaka 14, na kidato cha pili, sizoni ya kwanza na ya pili anaweza akiwa na mtu mzima pembeni. Kuna mwalimu wa sayansi mle ndani ambaye anawaeleza wanafunzi wake njia ya kufika ulimwengu mwingine kwa kukunja sahani ya karatasi na kuitoboa na penseli. Hapo kijana wa fizikia anaweza kukuuliza maswali mazuri mkasahau na zimwi lenyewe. Sizoni ya nne, ya 2022, hapana. Huyo muuaji wa mle anainua vijana hewani na kuwavunja mifupa, na anaowachagua ni wale wenye huzuni au hatia waliyoificha. Kijana aliyetoka kuzika juzi hahitaji kuambiwa kwamba huzuni yake inanusiwa.

Na jiulize kwa nini kijana wa miaka 14, umri ambao hataki hata kutembea njia moja na mdogo wake, amemweka ndani ya blangeti lake wiki tatu nzima. Mimi nadhani alikuwa anaogopa kuitazama peke yake. Usimcheke ukimgundua. Mwulize tu, mkiwa wawili, alimtafsiria nini mdogo wake pale penye mwili wa pamba.

Kabla ya kufanya lolote, usiku mmoja watoto wakilala, punguza sauti, tazama episodi ya tatu na ya nne. Ukisinzia osha uso uendelee. Ukishaona utajua cha kumwambia kuliko nitakavyokuandikia mimi.

Halafu kaa naye chini ya zile herufi, usizifute kwanza. Mwulize alikuwa anamuuliza babu kitu gani. Akikwambia babu alishawahi kujibu, usicheke na usimkaripie, mwulize alisema nini. Ndipo umwambie kwa maneno yasiyo na kona: babu alikufa. Mwili wake ulisimama, hasikii baridi, hasikii njaa, hana maumivu. Usimwambie amelala, wala amesafiri. Anayelala huamka, na baba yake mwenyewe husafiri na kurudi. La mbinguni mwambie pia, kama ndivyo mnavyoamini, lakini liwe la pili. Na umwombe radhi kwa kumwacha kwa jirani. Kwa fimbo pia.

Jumapili hii usifungue banda. Kosta za Tukuyu zinapita hapo hapo njia panda ya Uyole, nendeni wote watatu. Kaka yake aliona jeneza likishushwa, aliona nani alitupa udongo wa kwanza, anajua nyimbo zilizoimbwa. Pale kaburini wewe nyamaza, mwache yeye amsimulie mdogo wake, kwa kuwa wiki tatu zote amekuwa akimwamini tafsiri zake. Bebeni na redio. Akitaka kuiwasha pale, aiwashe.

Kama mkirudi ikapita miezi miwili bado halali, hataki kula, au ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, mpeleke hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, usisubiri likizo nyingine.

Taa mwachie mpaka atakapozishusha mwenyewe. Ukuta mtausugua pamoja, kitambaa kibichi na sabuni kidogo, anzieni Z.